Patrick McAuslan: Kalamu ya London katika mashamba ya Simiyu

Mgogoro wa mpaka ukizuka kati ya kaya mbili huko Itilima, Meatu au Bariadi vijijini, safari ya kwanza si ya polisi wala ya mahakamani. Watu huenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe wake ni saba, na sheria inataka watatu kati yao wawe wanawake. Wazee huulizwa nani alipanda ule mstari wa katani unaotenganisha mashamba, na ulipandwa kabla au baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Mmoja wa wajumbe anaandika kwenye daftari. Kazi ya baraza ni kusuluhisha, si kuhukumu. Likishindwa, ndipo watu wanapanda kata, kisha wilaya.

Utaratibu huu umezoeleka kiasi kwamba mtu anaweza kudhani umerithiwa kwa watemi. Haukurithiwa kwao. Umo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na rasimu ya awali ya sheria hiyo iliandikwa na profesa Mwingereza, Patrick McAuslan, mwalimu wa Chuo cha Birkbeck jijini London. Alifariki Januari 2014. Wakulima wa pamba wa Ntuzu, huko Bariadi, hawana habari naye, wala hawana sababu ya kuwa nayo, lakini ni vigumu kumtaja mwanazuoni mwingine wa kigeni ambaye maneno yake yamefika karibu na majembe yao kiasi hicho.

Makala hii ni ya kazi yake, na ya kile ambacho kazi hiyo imekipatia, na kukinyima, mkoa wa Simiyu wenye watu zaidi ya milioni mbili.

Kijana wa miaka 24 Mtaa wa Lumumba

Tanganyika ilipokaribia uhuru, wanasheria wake Waafrika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliotaka kusomea sheria walilazimika kwenda Uingereza, wakakaa kwenye vyama vya mawakili vya London, wakajifunza kesi za mashamba ya Kiingereza ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na shamba la Mwafrika. Kamati iliyoongozwa na jaji Lord Denning ndiyo iliyopendekeza kwamba elimu hiyo itolewe Afrika kwenyewe. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya bendera kupandishwa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Shahada ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London.

McAuslan, aliyezaliwa mwaka 1937 na kusoma Oxford, alikuwa mmoja wa wahadhiri wa mwanzo. Mkuu wa kitivo alikuwa A. B. Weston, na mkuu wa chuo alikuwa Mkanada, Cranford Pratt. Mwingine katika kikosi hicho alikuwa William Twining, aliyezaliwa Kampala. Baba yake, Edward Twining, alikuwa gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958. Kwa hiyo mtoto wa gavana alirudi katika nchi aliyoitawala baba yake, safari hii akiwa mwalimu wa watu ambao wangekuwa majaji na mawakili wake. Historia ina mizaha yake.

Yale waliyoyakuta yaliwalazimu kufundisha kwa namna nyingine. Hakukuwa na vitabu vya sheria za Afrika Mashariki vya kumtosha mwanafunzi. Ilibidi wakusanye hukumu, taarifa za tume za kikoloni na kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji, kisha wamuulize mwanafunzi: sheria hii inamfanya nini mtu wa kawaida, na nani anafaidika nayo? Swali hilo, ambalo leo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Mlimani, kampasi ya sasa ya chuo hicho, analijua, kwa vyuo vingi vya Uingereza vya wakati ule lilikuwa karibu na utovu wa adabu. Sheria huko ilifundishwa kama hesabu: kanuni, kesi, jibu.

McAuslan alikaa Dar es Salaam hadi 1966. Kitivo kilikuwa kimehamia Mlimani mwaka 1964, na wanafunzi walitoka Tanganyika, Kenya na Uganda, kwa sababu ndicho kitivo cha sheria kilichotegemewa na nchi zote tatu. Pamoja na Yash Ghai, Mkenya aliyefundisha naye hapo, aliandika kitabu kikubwa kuhusu sheria za umma na siasa za Kenya, kilichotoka mwaka 1970.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Alifundisha London, kisha mwaka 1968 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Warwick, chini ya Geoffrey Wilson. Twining alijiunga nao mwaka 1972. Warwick ilijipatia sifa ya kufundisha sheria pamoja na jamii inayotawaliwa na sheria hiyo, na Waingereza wengi huuona mtindo huo kuwa ubunifu wao. Mtu anayejua yaliyotangulia Mtaa wa Lumumba anaruhusiwa kutabasamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 McAuslan alikuwa Nairobi kama mshauri wa ardhi katika shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, na mwaka 1993 alikwenda Birkbeck, chuo ambacho wanafunzi wake husoma jioni baada ya kazi, na ambacho kitivo chake cha sheria kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Dar, Warwick, Birkbeck: mara tatu alikuwepo pale kitivo kilipokuwa bado kinatafuta viti na vitabu. Wapo viongozi wa vyuo wanaokumbukwa kwa majoho na mahafali. Huyu aliongoza kwa kuanzisha.

Rasimu ya 1996 na ugomvi wa maprofesa

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, mwenyekiti akiwa Profesa Issa Shivji wa kitivo kilekile cha Dar es Salaam. Tume ilizunguka nchi nzima ikisikiliza wanavijiji. Malalamiko yalifanana: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu bila kufuta haki za mashamba waliyoyaacha, maofisa waligawa ardhi ya vijiji bila vijiji kujua, mwananchi hakuwa na pa kushtakia. Ripoti ilikabidhiwa mwishoni mwa 1992. Pendekezo lake kuu lilikuwa zito: ardhi ya kijiji iondolewe mikononi mwa Rais na serikali kuu, iwekwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Serikali haikukubali. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 iliendelea kusema kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Kisha, mwaka 1996, kwa fedha za msaada wa Uingereza, McAuslan akaitwa kuandika muswada.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na ulikuwa ugomvi wa maana. Shivji, ambaye mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi ya HAKIARDHI, alihoji vipi Mwingereza aletwe kuandika sheria ya ardhi ilhali Watanzania wameshasema wanachotaka. Zaidi ya uraia wa mwandishi, alipinga kiini cha sera: kwamba mamlaka yanabaki kwa Waziri, Kamishna wa Ardhi na Rais, huku kijiji kikipewa kazi ya usimamizi bila kupewa umiliki.

McAuslan alijibu kwa hoja ambayo aliishikilia hadi mwisho wa maisha yake. Kwa maoni yake, tatizo la sheria za ardhi za kikoloni na za baada ya uhuru lilikuwa ufupi wake. Ziliacha nafasi tupu, na ofisa wa wilaya akaijaza atakavyo. Dawa ni kuandika kila hatua: nani anaomba, nani anaamua, ndani ya siku ngapi, kwa kuzingatia nini, na mwananchi asiporidhika afanye nini. Ndiyo maana sheria hizi ni ndefu kupita kiasi. Wengi wamezicheka kwa urefu wake, na wengine wamezilaumu kwa kuandikwa Kiingereza katika nchi ambayo mikutano yake ya kijiji inaendeshwa kwa Kiswahili, na huku kwetu mara nyingi kwa Kisukuma. Lawama hiyo ya pili ni ya haki. Ya kwanza inahitaji tafakuri, kwa sababu mtu aliyewahi kuzungushwa na ofisi ya ardhi anaijua thamani ya kifungu kinachosema wazi ofisa afanye nini.

Bunge lilipitisha sheria mbili mwezi Februari 1999, Na. 4 kwa ardhi ya jumla na Na. 5 kwa ardhi ya vijiji. Rais Benjamin Mkapa alizisaini, na zikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati huo, ambaye ofisi yake hupitia kila muswada wa Serikali, alikuwa Andrew Chenge, mtoto wa Bariadi, ambaye baadaye aliwakilisha watu wa nyumbani bungeni kuanzia 2005 hadi 2020. Kwa hiyo Bariadi ilikuwa mezani wakati sheria inatengenezwa, ingawa haikuulizwa kama kijiji.

Ngitili katikati ya masika

Chukua mkoa wenyewe. Simiyu ilizaliwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na, kwa upande wa Busega, kutoka Mwanza. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Ni zaidi ya watu nusu milioni walioongezeka katika miaka 10, juu ya ardhi ileile inayobeba pamba, mahindi, mtama, choroko na mifugo mingi. Upande wa mashariki umezuiwa na Hifadhi ya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, na tembo hawasomi mabango. Vijana wa Kisukuma wameshatembea na ng'ombe wao hadi Katavi, Usangu, Kilombero na Lindi kutafuta malisho. Waliobaki wanaishi kwa kubana.

Katika kubana huko kuna ngitili. Ni eneo la malisho ambalo kaya au kijiji hulifunga masika yanapoanza, nyasi zikaota bila kuguswa, kisha hulifungua kiangazi kikikaza, likalisha ndama, ng'ombe wa kulima na wanyama waliodhoofu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 katika Shinyanga ya wakati ule, ulichukua maarifa haya ya wazee na kuyapa nguvu. Ngitili zikarudi katika zaidi ya hekta 300,000, nyingine katika maeneo ambayo leo ni Bariadi, Maswa na Meatu, nchi ambayo miti yake ilikuwa imefyekwa tangu enzi za ukoloni ili kuwafukuza mbung'o.

Sasa pita kwenye ngitili mwezi Februari. Utakuta nyasi za kiunoni, vichaka vya migunga, kimya. Hakuna jembe wala zizi wala mtu. Mfugaji anajua kwamba pale ndipo palipo akiba ya maisha yake ya Septemba. Sheria Na. 4, katika kifungu chake cha tafsiri, inasema ardhi ya jumla ni ile isiyo ya hifadhi wala ya kijiji, kisha inaongeza kwamba inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Na. 5, iliyopitishwa siku zilezile, haina nyongeza hiyo. Na ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi, si chini ya kijiji.

Wanasheria wamebishana kuhusu tofauti hii kwa zaidi ya miaka 20. Kwa mfugaji wa Meatu jambo ni jepesi: ngitili yake inatumika kwa kutoguswa, na mtu mwenye ramani mjini anaweza kuiona ni pori la bure. Sheria inaweka kinga kidogo. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa maslahi ya umma, na eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Mkutano hutoa mapendekezo tu na Waziri ndiye mwamuzi. Hapa namuunga mkono Shivji bila kusita. Kijiji ambacho hakimiliki ardhi yake kinaweza kuwa na utaratibu mzuri kabisa wa kuipoteza.

Dawa aliyoiamini McAuslan ilikuwa karatasi, na Bariadi iliionja mapema. Kwa fedha za Benki ya Dunia, Bariadi na Babati zilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo za majaribio ya kupima mashamba na kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Kifungu cha 18 cha Sheria Na. 5 kinazipa hati hizo hadhi sawa na hati za mjini, na hilo si jambo dogo: kwa mara ya kwanza shamba la kimila la Ntuzu lilisimama kisheria bega kwa bega na kiwanja cha Masaki, Dar es Salaam. Lakini hati inadai cheti cha ardhi ya kijiji, mipaka iliyokubaliwa na vijiji jirani, masijala yenye kabati linalofungwa, na mtendaji anayejua kujaza fomu. Na hata mkulima akiipata, benki nyingi zikiiona huuliza kwanza swali lingine: una nyumba mjini? Ndiyo maana mstari wa katani bado una kazi. Jirani akiusogeza, mtaa mzima utajua.

Pale alipokuwa sahihi

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kusema Shivji alikuwa sahihi na Mwingereza alikosea. Simiyu haimruhusu mtu kuwa mwepesi hivyo, kwa sababu kijiji ambacho Shivji alitaka kukikabidhi ardhi ni kijiji chenye wanaume na wanawake, na mila yake haikuwahi kuwapima kwa kipimo kimoja.

Mila hiyo nayo ilipitia kalamu ya mgeni. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, alikaa na wazee na watemi wa Usukuma, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1953 kuhusu sheria na desturi za Wasukuma. Baadaye alipewa kazi ya kuunganisha sheria za mila za makabila mbalimbali. Alifariki mwaka 1962, wengine wakaimalizia, na mwaka 1963 ikatangazwa serikalini Amri ya Sheria za Mila. Desturi ambayo mzee aliweza kuilegeza kwa kuangalia hali ya kaya sasa ikawa na namba za kanuni. Kwa mujibu wa amri hiyo, mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto aliowatunza. Binti hupata fungu dogo kuliko wote.

Tume ya Shivji ilikosolewa na wanaharakati wa haki za wanawake kwa kutolipa jambo hili uzito waliotaka. Mwaka 1997 asasi zao, chama cha wanasheria wanawake TAWLA kikiwa mbele, ziliunda kikosi kazi cha jinsia na ardhi, zikaubana muswada hadi bungeni. McAuslan hakuwa mpinzani wao. Hakuwa na imani kwamba jambo likiitwa la kimila basi ni la haki, na rasimu yake ilionyesha hivyo. Matokeo yake ni kifungu cha 20 cha Sheria Na. 5, kinachosema kwamba kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Na ndiyo asili ya wale wanawake watatu barazani.

Kwa hiyo mjane anapofika mbele ya baraza huko Maswa, amefukuzwa shambani na shemeji zake, wageni wawili waliokwishafariki wanabishana juu ya kichwa chake. Amri iliyoanzishwa na Cory inasema atatunzwa na watoto. Sheria iliyoandikwa na McAuslan inasema kanuni ya kumnyima ni batili. Mjumbe wa baraza ambaye hajawahi kusoma hata moja kati ya hizo mbili ndiye anayepaswa kuchagua, na mara nyingi anachagua ile aliyoizoea.

Jinsi njia ya mahakama za juu ilivyo ngumu, wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga walionyesha. Walifukuzwa na wakwe pamoja na watoto wao baada ya waume kufariki, wakaenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za 1963. Mwaka 2006 majaji walikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini wakakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa kwa kasoro ya kiutaratibu katika nyaraka, kasoro ambayo haikutokana na wajane wenyewe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao, na ikaitaka ibadilishe sheria za urithi. Yao ilikuwa kesi ya mirathi, si ya ardhi ya kijiji, na hapo ndipo penye ufa: kifungu cha 20 kinalinda shamba, wakati Amri ya 1963 ndiyo inayogawa mali ya marehemu. Anayetaka kumpora mjane huchagua mlango wa mirathi.

Kitabu cha mwisho cha McAuslan kilitoka mwaka 2013. Kilipitia miaka 50 ya mageuzi ya sheria za ardhi Afrika Mashariki, 1961 hadi 2011, yaani tangu mwaka ule aliofika Dar es Salaam. Hitimisho lake si la mtu anayejipongeza. Aliona kwamba mageuzi mengi yameendeleza fikra za kikoloni kwa sura mpya, na kwamba machache ndiyo yaliyombadilishia mwananchi wa kawaida hali. Nampa heshima kwa hilo. Si kila mwandishi wa sheria hukubali kukagua nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Sera ya 1995, ambayo rasimu ya McAuslan ilisimama juu yake, sasa imefanyiwa mapitio. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua toleo jipya mwezi Machi 2025. Sheria zitakazofuata hazitahitaji profesa kutoka London. Marekebisho ya sheria ya 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi, na vitivo vyetu vimetoa wanasheria wa kutosha kuandika muswada. Watu wa Meatu na Itilima watakaopata nafasi ya kuusoma wana sehemu mbili za kuanzia: kifungu cha tafsiri, kuona kama ngitili bado inaweza kuitwa ardhi isiyotumika, na jedwali la sheria zinazofutwa, kuona kama Amri ya 1963 imo.